Mmoja Hakutoka, Mwingine Hakukaa

Havugimana alimvuta msemaji wake hadi nyuma ya jikoni, akatazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Twagirimana, leo ukikatala, ukatale kweli."

Twagirimana hakuelewa mara moja. Alikuwa ameshika koti lake la sherehe mkononi, hajalivaa bado, kwa sababu jua la mtaa wa Majengo, mjini Goma, lilikuwa limeanza kupasha moto mawe meusi ya uani. Siku za kazi alikuwa fundi wa cherehani kule Ndosho. Siku za posa alikuwa msemaji. Familia nyingi zilimtaka, si kwa sababu ya sauti kubwa, maana hakuwa nayo, bali kwa sababu hakuwahi kuaibisha upande wowote.

Na kukataa ndiyo kazi ya msemaji wa nyumba ya binti. Wageni wanaomba, anakataa. Wanaomba tena, anakataa kwa hadithi aliyoitunga. Msemaji wa wageni anajibu kwa hadithi yake, wanaulizana maswali, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa, kwa kuwa tangu asubuhi kila mtu alijua kwamba atatolewa. Ni mchezo. Uzuri wake ni kwamba siku hiyo hakuna anayeuita mchezo.

"Nikatale kweli namna gani?" aliuliza.

"Mpaka mwisho. Bale, bakunywe, barudi kwabo Kibumba bila mutoto yangu."

"Julie anajua?"

"Julie ni mutoto."

"Na mama yake?"

Havugimana alitazama ukuta wa mbao. "Mama yake na padri njo balinisukuma mpaka hapa. Nilichoka kubishana ndani ya nyumba. Nilisema, acha bakuye, nitamaliza maneno mbele ya batu."

"Ungeniambia jana."

"Jana ungekatala kukuya."

Hilo lilikuwa kweli, na Twagirimana hakulibishia. Alilikunja koti lake upya, mshono juu ya mshono, akauliza sababu. Havugimana akamwambia.

Siku wageni walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, ami mmoja wa bwana harusi, Rémy, alikuwa amempiga kofi la mapenzi begani baba wa kijana huyo, akasema: "Huyu njo Hitimana, rebele yetu." Wote wa Kibumba walicheka. Havugimana hakucheka. Mjini Goma neno hilo lina milango miwili. Mama humwita rebele mtoto anayekataa kuoga. Lakini rebele ni pia mwasi, yule aliyeingia na bunduki, na Havugimana alikuwa amesimama mikono juu asubuhi ile watu wenye bunduki walipobeba duka lake zima la vitenge, robota kwa robota, huku mmoja wao akimwuliza kitenge kipi kinampendeza mwanamke mfupi.

"Nikapeleleza," alisema Havugimana. "Si mambo ya kuoga. Alikuwa nabo kweli. Porini, na nguo yabo, na bunduki."

"Na alitoka kwabo namna gani?"

"Kutoka si kitu. Aliingia."

Twagirimana alivaa koti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nimesikia," kisha akarudi mbele ya nyumba. Alipopita karibu na dirisha alimwona Julie amekaa kitandani katikati ya binamu zake, amevaa mshanana wake wa sherehe, anajitahidi asicheke ili poda isipasuke. Twagirimana alimjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Akaona kwamba kati ya wote waliokuwa hapo, huyu ndiye angepoteza kila kitu leo, na hajui.

Wageni walikuwa wamekwisha kuketi chini ya turubai, safu zao zikitazamana na safu za wenyeji. Walikubaliana kusema Kiswahili siku hiyo, si Kinyarwanda cha nyumbani, kwa ajili ya majirani na wakwe wengine, ili kila mtu asikie. Hitimana, baba yake Rémy, alikaa mstari wa mbele, kofia juu ya magoti. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono ya mkulima wa viazi, na hakuwa akimtazama mtu.

Waliyekuwa wakimngojea ni mzee Habarurema, msemaji maarufu wa njia yote ya Rutshuru. Badala yake alisimama mwanamke. Alikuwa wa makamo, mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara kama cha mtu anayekwenda shambani.

"Ninaitwa Umurerwa," alisema. "Muzee Habarurema anaumwa mugongo. Batu ya Kibumba bamenituma mimi."

Manung'uniko yalipita. Mzee mmoja wa upande wa Havugimana aliuliza bila kusimama, "Banaume baliisha Kibumba?"

"Bako, papa. Bale banajua kusema balibaki kulima. Bale habajui kulima njo hawa munaona hapa."

Vicheko vilitoka pande zote, hata kwenye safu ya wanaume wa Kibumba waliotukanwa. Macho yakamgeukia Twagirimana. Alifikiri kidogo. Alitafuta ndani ya yote aliyowahi kusikia sheria inayomkataza mwanamke kusema, akapata mazoea tu.

"Mama, karibu," alisema. "Masharti munayajua?"

"Ninayajua. Hadithi iwe ya kutunga. Isitaje jina ya mutu, mzima ao mufu. Neno ikishatoka, haibadilishwe. Na ukiulizwa, unajibia ndani ya hadithi yako, ao unakubali umeshindwa."

Alikuwa ameyataja yote, kwa mpangilio ule ule ambao Twagirimana mwenyewe huyataja. Akajiuliza nani alimfundisha.

Umurerwa aliomba mara ya kwanza, Twagirimana akakataa kwa heshima. Akaomba mara ya pili. Sasa ilikuwa zamu ya hadithi. Twagirimana alikuwa na moja aliyoiandaa wiki nzima, nyepesi, ya msichana aliyesahau mlango wa kutokea. Lakini hadithi ile ilijengwa ifunguke mwishoni. Leo alikuwa ameombwa hadithi isiyofunguka. Alitazama ardhi ya ua ule, lava iliyosawazishwa kwa nyundo hadi viti visimame, na akaitoa hapo hapo.

"Batu ya Kibumba," alianza, "munaishi karibu na mulima, mutanisikia vizuri. Nyumba hii ilikuwa na mwanamuke, jina yake Nyiramakoro, mama wa mawe ya volkano. Siku mulima ilipasuka, mutaa yote ilikimbia. Batu balibeba magodoro, mbuzi, milango. Mumoja alibeba mulango, nyumba akaiacha. Nyiramakoro alikuwa ameweka maharage kwa moto, sufuria kubwa, ile ya kubebwa na batu wawili. Akakaa hapo mbele, kwa mulango. Jirani bakamwambia, mama, tuende Gisenyi. Akasema, maharage haijaiva."

Watu walianza kucheka. Twagirimana hakuinua sauti. Ilibidi wasogee ili wamsikie.

"Mukubwa wa askari akakuja. Munakumbuka, barebele njo balikuwa banashika muji wakati ule. Akasema, wewe mama, ni amri, toka. Nyiramakoro akamuuliza: 'Ni wewe uliwasha mulima?' Akasema, hapana. 'Basi amri yako haifiki huko. Kaa, utakula.' Mukubwa akakimbia. Lava ikashuka, ikachukua njia, ikachukua shule, ikafika kwa ukuta ya jikoni. Ikasimama pale, kama mutu amesikia harufu ya chakula na anangoja akaribishwe."

Wanawake wa nyumba walipiga vigelegele. Havugimana, aliyekuwa amekunja mikono, aliinua kichwa.

"Kisha bakakuja bengine, na kamba ya kupima. Bakasema, hapa si parseli ya kujenga tena, hapa ni jiwe, hamia. Akakatala. Akajenga juu ya jiwe. Tangu siku ile, binti ya nyumba hii hatoki. Si kiburi. Ni miguu, inajua hii jiwe tu. Binti yetu ni wa damu ile. Tunabashukuru kwa safari."

Akaketi. Ilikuwa kazi safi. Hakuna msemaji ambaye angeona upenyo wa kupitisha hata sindano, na Havugimana alimtikisia kichwa kidogo sana kutoka upande wa pili.

Umurerwa hakuharakisha. Aliomba maji, akanywa, akarudisha gilasi.

"Asante, papa. Ni mwanamuke wa kweli huyo. Sisi tuko na mwanaume, jina yake Sebagenzi, baba wa wasafiri. Huyu hajui kukaa. Shule alitoka. Baba yake akamupa ng'ombe achunge, akatoka, ng'ombe njo ilimutafuta. Padri akamwambia, utabatizwa Siku ya Mungu, akatoka Posho, siku moja kabla."

"Batu ya Kibumba munaoa na nani huko?" aliuliza yule mzee wa mwanzo.

"Na wenye subira, papa. Wakati ya vita, barebele bakamukamata kwa njia ya shamba, na jembe yake mukononi. Bakamubebesha mizigo. Kisha bakamupa nguo na bunduki. Batu bakasema, leo njo amepata mahali ya kukaa. Na kweli, akakaa kidogo. Siku moja, kwa milima ya Masisi, kamanda akasema: tunapanda juu, kila kitu kizito kibaki hapa. Sebagenzi akaweka bunduki juu ya jiwe, polepole, kama mutu analaza mutoto. Kamanda akamuuliza, unafanya nini? Akasema: 'Ulisema kizito kibaki.' Akatoka. Akatoka na sufuria ya jeshi. Ukungu ya Masisi ikamufunika, na barebele balikula mahindi mabichi siku nyingi ju ya kukosa kitu ya kupikia."

Ua wote ulicheka. Twagirimana pia alitabasamu, lakini alikuwa ameona kitu. Alimtazama Hitimana. Hitimana alikuwa akigeuza kofia yake, nusu mzunguko, nusu mzunguko.

"Tangu siku ile," alimaliza Umurerwa, "bakasema kwetu: huyu ni rebele. Si ju aliingia kwa barebele. Bengi baliingizwa. Ni ju alikatalia barebele. Rebele ya barebele. Mwenye damu kama ile njo anaweza kukuya kutoa binti ambaye hatoki. Kutoka ni kazi yake."

Sasa macho ya Havugimana hayakuwa kwa msemaji wake. Yalikuwa kwenye kofia ile.

Twagirimana alisimama tena. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili yakivutana, na hakutaka kuhukumu lolote kabla ya kulifungua. Aliamua kufanya kama anavyofanya na mashine iliyokwama: kushika kipande kimoja, kisha kingine, bila kulazimisha.

"Mama, tupime. Wetu hakutoka. Wenu hakukaa. Wetu ni jiwe, wenu ni ukungu. Jiwe na ukungu zitafunga ndoa namna gani?"

"Ukungu njo inalala juu ya jiwe kila asubuhi, papa."

Binamu za Julie walipiga kelele dirishani. Mtu akawakemea.

"Wenu aliiba sufuria."

"Ya barebele. Wenu alimwambia mukubwa wabo akae ale. Nani alibachokoza zaidi?"

"Wetu alikuwa na nyumba ya kulinda."

"Wetu alikuwa na nyumba ya kurudia."

"Wetu alimujibu mwenye bunduki kwa maneno ya chakula."

"Na wetu alimujibu kwa maneno ya kamanda mwenyewe. Halafu akabeba chakula." Umurerwa alicheka kwa mara ya kwanza. "Papa, unanipiga na fimbo, lakini kila mara fimbo inaangukia mutu wako."

Ilikuwa hivyo. Twagirimana aliliona wazi. Kila alichomlaumu nacho Sebagenzi, alikikuta kimekaa mlangoni kwa Nyiramakoro kikimtazama. Mmoja hakusikia baba, mwingine hakusikia majirani. Wote wawili waliambiwa ni amri, na wote wawili waliuliza amri hiyo inafika wapi. Alibaki na swali moja la kumwangusha mgeni, na alijua ni zuri.

"Niambie, mama. Mutu anakimbia jeshi, njia ni ndefu, anajua watamufuata. Anaacha bunduki ju ni nzito. Sufuria je? Sufuria ya jeshi ni nzito kupita bunduki. Kwa nini aibebe?"

Kicheko kilikatika. Watu wa Kibumba walitazamana. Umurerwa akasema, "Swali yako ni nzuri. Nitaijibu. Lakini na mimi niko na yangu, na ni ile ile, kwa hiyo tujibu pamoja. Ulisema sufuria ya Nyiramakoro ilikuwa ya kubebwa na batu wawili. Neno ilishatoka. Jirani bote balikimbia. Mwanamuke mumoja, sufuria kubwa namna ile. Alikuwa anapikia nani?"

Twagirimana alikuwa ameiweka sufuria ile kubwa ili watu wacheke tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kosa la msemaji anayetunga haraka juu ya ardhi anayoijua. Hadithi ilikuwa ya kutunga, lakini mlango, ukuta wa jikoni na ule mwezi wa kwanza wa mwaka wa lava havikuwa vya kutunga. Siku zile alikuwa jirani wa nyumba hii. Alijua nani alikuwa ndani ya nyumba ile. Angeweza kujibu kwamba alipikia mbwa, wacheke, aende mbele, akatae mpaka mwisho kama alivyoagizwa. Alimtazama Havugimana. Havugimana alikuwa ameinamisha uso.

"Ndani ya nyumba," alisema Twagirimana polepole, "kulikuwa na bwana yake. Miguu ya bwana yake ilikuwa imekufa tangu zamani. Hakuweza kutembea, na hakukuwa mutu ya kumubeba. Nyiramakoro alipika nyingi ju hakujua bataishi siku ngapi bila soko. Maharage ilikuwa jibu ya batu. Ndani hakuna mutu alisema maharage."

Hakuna aliyecheka.

"Asante," alisema Umurerwa. Sauti yake ilikuwa imeshuka, sasa wote wawili walikuwa wakisema chini. "Sebagenzi. Kamanda alisema, kila kitu kizito kibaki. Kati ya vitu vizito kulikuwa mutu. Mubeba mizigo, mwenye kukamatwa kama yeye. Alipigwa risasi kwa goti. Bakamuweka kando pamoja na masanduku. Sebagenzi akaweka bunduki chini ju mugongo ilikuwa na nafasi moja tu. Akamubeba ule mutu. Na ule mutu akasema: na mimi nibebe kitu, nisikuwe muzigo bure. Akavaa sufuria kwa mugongo yake. Hivi njo balishuka. Sebagenzi alibeba mutu, mutu alibeba sufuria, na usipoangalia vizuri ungesema ni kobe inatembea na miguu mirefu."

Mahali fulani nyuma mwanamke alicheka na kulia kwa pumzi moja. Shangazi yake Havugimana, bibi Nyiramahirwe, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi na ambaye wengi walidhani hasikii tena, aligonga fimbo yake juu ya lava.

"Ni mutu mumoja huyo," alisema. "Munamukata katikati ju ya nini? Mumoja alikaa, mumoja alitembea, lakini kazi ilikuwa moja. Habakuacha mutu."

Twagirimana alibaki amesimama. Neno la kukataa lilikuwa bado mdomoni mwake, tayari. Angelisema, na kwa masharti ya mchezo lingesimama, maana ni mwenye nyumba tu anayeweza kulivunja, na mwenye nyumba ndiye aliyelitaka. Alifikiria ni maneno gani angeyatumia, akaona kwamba hayapo. Ili kumkataa mtu wa Kibumba ilimpasa kumkataa kwanza mwanamke aliyeketi mlangoni.

Akageuka, akawapa wageni mgongo, jambo ambalo msemaji hafanyi, akamtazama Havugimana.

"Papa Havugimana, ulinituma, nikafika mwisho ya maneno yangu. Nikikatala tena, nitamukatala Nyiramakoro. Hiyo siwezi. Ninakurudishia neno yako."

Hapo wageni walielewa kwamba huko nyuma kulikuwa na jambo ambalo halikuwa mchezo. Rémy, ambaye alikuwa amekaa amenyooka kama mtu anayepigwa picha, alimtazama baba yake.

Havugimana alisimama. Alipita katikati ya safu mbili, pale ambapo wasemaji tu wanapita, hadi mbele ya Hitimana.

"Hadithi ziishe," alisema. "Nina maulizo yangu. Siku walibeba maduka ya muji, ulikuwa hapa?"

Hitimana alisimama pia. Kwa desturi baba wa bwana harusi hasemi siku hiyo. Alisema.

"Hapana. Tulikuwa mbali, Masisi. Lakini nilivaa nguo kama yabo. Siwezi kukuambia kwamba ile haikunigusa. Ninakuambia tu, hapana, sikuwa hapa."

Havugimana alilipima jibu hilo. Lilikuwa fupi, na halikujisafisha. Pengine angalilikataa kama lingekuwa refu.

"Na ule mutu ya goti," aliuliza. "Alifika?"

Hitimana alimwangalia Umurerwa.

"Alifika," alisema Umurerwa. "Ni papa yangu. Aliishi miaka mingi na fimbo yake. Alikuwa anasema kwa ndoa, Habarurema alijifunza kwake, na mimi nilikaa chini ya kiti yake nikisikiliza. Mbele ya kufa aliniambia, siku mutoto ya Hitimana ataoa, wewe njo utasema. Nikamwambia, batakatala, mimi ni mwanamuke. Akasema, basi ukatale kukataliwa."

"Na mugongo ya Habarurema?" aliuliza Twagirimana, kwa kuwa alipenda kila kipande kiwe mahali pake.

"Inaumwa," alisema Umurerwa. "Kidogo. Nilimuomba iumwe zaidi."

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa cha mchezo, kilikuwa cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Hata Hitimana alicheka, akifunika mdomo kwa kofia. Havugimana peke yake hakucheka. Alikuwa amegeukia mlango wa nyumba yake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwaambia watu kwamba lava ilipunguza nguvu ilipofika Majengo. Hakuwahi kusema mbele ya watu ni nani alikuwa ameketi pale. Siku ile yeye alikuwa Butembo kutafuta vitenge, na aliporudi, akikanyaga lava ambayo bado ilichoma soli, alikuta moshi wa jikoni unapanda.

"Batu yangu," alisema, "Nyiramakoro hakuna. Mwanamuke ule ni mama yangu. Aliitwa Mukakalisa. Mukubwa wa askari alisimama pale, pale ule kijana anaweka chupa. Mama alimwambia vile vile Twagirimana amesema, ao zaidi, ju Twagirimana ni mutu ya adabu. Nilikuwa ninaogopa kusema. Wakati ule ukisema mama yako alikatalia askari, bulikuwa bubaya. Kisha nikazoea kunyamaza."

Alimshika Hitimana mkono, si kwa nguvu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukibeba.

"Nilikuita rebele kwa kinywa mbaya," alisema. "Na mimi nililelewa na rebele. Nilikunywa maziwa yake. Mutoto ya Mukakalisa atawapa binti bale habaachi mutu. Julie ni wenu. Mukimupata mukaidi, musirudi kunilalamikia."

Vigelegele vilipanda vikavuka ua, vikaenda mpaka barabarani, ambako madereva wa pikipiki walisimama kutazama. Julie alitolewa kabla ya wakati wake, poda imepasuka mashavuni. Mama yake alimshika Havugimana bega, naye hakumtazama, lakini alisogea ili bega limfikie vizuri.

Kisha msaidizi wa meza akaja kuuliza kama wagawe chakula. Havugimana akamwambia angoje.

"Wasemaji babili," alisema, "mukae hapa katikati. Murudie tangu mwanzo. Pole pole, batoto basikie. Lakini safari hii mutaje majina."

"Masharti inakataza majina," alisema Umurerwa.

"Ninajua."

Umurerwa na Twagirimana walitazamana. Akina mama wakawasogeza watoto mbele, wa Kibumba na wa Majengo, wakakaa juu ya lava bila kuchagua upande. Hitimana alirudi kwenye kiti chake na safari hii aliegemeza mgongo wake wote. Havugimana naye aliketi mlangoni kwake mwenyewe, akanyoosha miguu.

Twagirimana alivua koti, akalikunja, akaliweka kando. Aligundua kwamba hangehitaji kutunga chochote.

"Mukakalisa alikuwa ameketi pale," alisema, na kila mtu akageuka kutazama mlango.